Namna ya Kupima Biashara za Mtaani za Wanawake na Wanaume

Ripoti nyingi za kata kuhusu wajasiriamali wadogo huishia mahali pamoja: wanawake ni wengi, mitaji yao ni midogo, faida yao ni ndogo kuliko ya wanaume, na kwa hiyo wapewe mafunzo. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya afisa maendeleo ya jamii, mwanafunzi wa chuo, kiongozi wa kikundi au mtu yeyote aliyetumwa kuchunguza biashara ndogondogo katika mtaa au soko moja, na ambaye angependa kufika mbali kuliko hapo. Nimechukua Dar es Salaam kuwa mfano kwa sababu ndiko nilikozoea kupita na daftari, lakini hatua zenyewe hazibadiliki sana mtu akiwa Mwanza, Kisumu au Bujumbura. Msimamo wangu ni kwamba tofauti kati ya biashara ya mwanamke na ya mwanamume haisomeki vizuri kwenye meza ya biashara peke yake. Husomeka pale mchunguzi anapoifuata shilingi kutoka mezani hadi jikoni, na kutoka jikoni hadi mezani tena.

Kabla ya kutoka ofisini

Jambo la kwanza ni kuamua ni nini kitakachohesabiwa kuwa biashara. Wazo la sekta isiyo rasmi lina umri wa miaka hamsini na kitu: mwanaanthropolojia Keith Hart alilifikia alipokuwa akiwachunguza wahamiaji wa Kifrafra katika mtaa wa Nima, jijini Accra, na ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani uliokwenda Kenya ukalieneza kwa ripoti yake ya mwaka 1972. Tangu wakati huo maana rasmi zimeandikwa na kuandikwa upya, lakini kwa uchunguzi wa mtaa mmoja inatosha kuwa na kanuni moja isiyoyumba. Mimi hutumia hii: nahesabu kila mtu ambaye katika siku 7 zilizopita ameuza bidhaa au huduma kwa mtu asiye wa kaya yake, kwa faida yake mwenyewe au ya kaya, bila kuwa mwajiriwa wa mtu mwingine.

Kanuni hiyo inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayoamua wanawake wangapi wataingia kwenye orodha. Ukimuuliza mwanamke anayekaanga mihogo mbele ya nyumba yake kama anafanya biashara, kuna uwezekano mkubwa akujibu, “Hapana, hapa nabangaiza tu,” au, “Hii ni kijungujiko.” Neno biashara kwake ni fremu yenye mlango wa chuma. Mwanamume anayeuza vocha na chaja za simu kwenye meza ya mbao atajibu bila kusita kwamba yeye ni mfanyabiashara, hata kama mauzo yake ya siku hayafiki nusu ya yale ya mihogo. Kwa hiyo usiulize, “Unafanya biashara?” Uliza, “Wiki hii kuna kitu chochote ulichouza, hata barafu au ubuyu?” kisha utaje mifano mitano au sita ya vitu vidogo vinavyouzwa majumbani katika mtaa huo.

Jihadhari pia na takwimu za jumla unazotaka kuziweka kwenye utangulizi wa ripoti. Makadirio ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 2018 yalionyesha kwamba duniani kote ajira isiyo rasmi iliwabeba wanaume kuliko wanawake, asilimia 63.0 kwa asilimia 58.1, ilhali barani Afrika mambo yalikuwa kinyume: asilimia 89.7 ya wanawake wanaofanya kazi na asilimia 82.7 ya wanaume. Mwandishi anayenakili takwimu ya dunia na kuibandika kwenye ripoti ya Mbagala, Dar es Salaam, ameanza kukosea kabla hajavuka barabara.

Tembea mtaa mara tatu

Orodha ya wafanyabiashara iliyoandikwa saa 4 asubuhi ni orodha ya watu wa saa 4 asubuhi. Wauza vitumbua, chapati na uji huwa wameshamaliza na kurudi nyumbani kuosha vyombo. Wauza chipsi na mishkaki hawajawasha moto. Pita alfajiri, pita mchana, pita jioni baada ya magharibi, na kila mara andika jinsi ya muuzaji, bidhaa na mahali alipo. Mara nyingi utaona kwamba mtaa huohuo ni wa wanawake alfajiri na wa wanaume usiku, na kwamba saa za biashara za mwanamke zimepangwa kuzunguka saa ambazo watoto huamka, huenda shule na hurudi.

Katika mizunguko hiyo ingia pia ndani ya nyua. Kuna biashara isiyo na meza wala bango, ambayo dalili yake ni mtoto anayepita na ndoo ya karanga au chupa ya chai. Mjini Kano, kaskazini mwa Nigeria, watafiti wameeleza kwa muda mrefu jinsi wanawake wa Kihausa wanaotawa wanavyopika na kufanya biashara pana bila kukanyaga sokoni, kwa kuwatuma watoto wao. Katika pwani yetu nayo mwanamke asiyekaa barabarani anaweza kuwa na wateja wa kudumu wa mikate ya mofa, achari au udi, na mtu anayehesabu vibanda hatamwona kamwe.

Swali gumu zaidi katika hatua hii ni la umiliki. Anayeuza si lazima awe mwenye mali, na mwenye jina kwenye leseni si lazima awe mwenye uamuzi. Nimewahi kukuta genge la mboga ambalo mume alijitambulisha kuwa mwenyewe, na mke, aliyekuwa amesimama palepale akichambua mchicha, hakupinga. Tulipomwuliza yule mume bei ya tenga la nyanya asubuhi ile, alimgeukia mkewe. Swali linalosaidia kuliko “Nani mwenye biashara?” ni hili: “Nani akiamua kuifunga kesho, itafungwa kweli?” Ukipata majibu mawili tofauti kutoka kwa watu wawili wa kaya moja, yaandike yote mawili, kwa kuwa hiyo nayo ni taarifa.

Bidhaa, na njia ya kuingilia

Ukishapata orodha, ipange kwa bidhaa kabla ya kuipanga kwa faida. Sehemu kubwa ya tofauti ya kipato huanzia hapa, kwa kuwa wanawake na wanaume hawajasambaa sawasawa katika biashara zote. Hata ndani ya bidhaa moja wamekaa katika ngazi tofauti: katika soko la samaki la Feri, boti na mnada viko kwa sehemu kubwa mikononi mwa wanaume, wakati wanawake wengi hununua kiasi kidogo wakakaange na kuuza rejareja mitaani kwao. Mtu anayeandika tu kwamba “wote wanauza samaki” atakuwa amewaweka pamoja watu wenye mitaji iliyopishana mara hamsini.

Kwa kila mhojiwa uliza, “Kazi hii nani alikuonyesha?” Swali hili limetokana na utafiti uliofanyika Katwe, Kampala, eneo linalojulikana kwa mafundi wa vyuma, ambako wachunguzi waliwalinganisha wanawake walioingia katika kazi zilizozoeleka kuwa za kiume, kama uchomeleaji na ufundi wa magari, na wanawake waliobaki katika upishi, ushonaji na ususi. Wale walioingia kwenye kazi za kiume walipata faida iliyolingana na ya wanaume wenzao, na karibu mara tatu ya ile ya wanawake waliobaki katika kazi zilizozoeleka. Kilichowatofautisha hakikuwa elimu kubwa. Mara nyingi kulikuwa na mtu, na mara nyingi mtu huyo alikuwa mwanamume wa karibu, kama baba, mume au rafiki, aliyemfungulia mlango wa gereji. Wanawake wengine hawakuwa hata na habari kwamba kazi ile inalipa zaidi. Jibu la “mama yangu alikuwa anapika, na mimi nikaendelea” linaeleza zaidi ya maswali kumi kuhusu ujuzi.

Hesabu ya siku moja

Hapa ndipo inapofaa kutumia muda mrefu, kwa sababu makosa mengi ya ripoti hutokea kwenye swali moja fupi: “Jana ulipata faida shilingi ngapi?”

Tuchukue mfano wa mama lishe na dereva wa bodaboda wanaofanya kazi kwenye kona moja. Namba ni za kufundishia, lakini muundo wake ni ule unaokutwa mitaani. Mama lishe amepika sahani 45 za wali na ameuza 40 kwa shilingi 2,000 kila moja, yaani mauzo ya shilingi 80,000. Ametumia mchele kilo 6 kwa shilingi 15,000, maharage kilo 3 kwa 9,000, samaki wa 18,000, mafuta, nazi, nyanya na vitunguu vya 9,000, mkaa wa 5,000, maji ya 2,000 na ushuru wa 500. Jumla ni shilingi 58,500, na zilizobaki ni 21,500. Lakini kabla hajafika nyumbani amepitia gengeni kununua mboga ya jioni, amempa mtoto nauli na pesa ya mtihani, na amenunua sabuni na mafuta ya taa. Vyote pamoja vimechukua shilingi 11,500. Ukimuuliza faida yake atakujibu kwa moyo mweupe, “Elfu kumi,” kwa kuwa hizo ndizo zilizobaki kwenye pindo la kanga.

Dereva wa bodaboda amekusanya shilingi 27,000. Mafuta yamekula 8,000, hesabu anayompelekea mwenye pikipiki ni 7,000, na chakula chake cha mchana, alichokula kwa huyohuyo mama lishe, ni 2,000. Ukimuuliza faida naye atakujibu, “Elfu kumi,” ingawa hajaacha hata senti moja nyumbani. Pesa ya matumizi ataitoa baadaye, akipenda, kutoka katika hizohizo elfu kumi.

Kwenye dodoso, watu hawa wawili wamefanana kabisa. Kwa uhalisia, biashara ya mwanamke imezalisha shilingi 21,500 taslimu, na bado kuna zile sahani 5 zisizouzwa, ambazo zililiwa na watoto, msaidizi na yeye mwenyewe. Kwa gharama ya kupikia, kila sahani imemgharimu shilingi 1,300, kwa hiyo kaya imepokea chakula cha shilingi 6,500 ambacho hakikuandikwa popote. Ukizijumlisha unapata 28,000. Upande wa pili, binti yake amekata vitunguu na kuosha vyombo tangu saa 10 alfajiri bila malipo; kama angeajiri mtu kwa shilingi 5,000 kwa siku, angebaki na 23,000. Mama huyu amekuwa kazini kwa muda wa saa 12, na ukigawanya unapata kama shilingi 1,900 kwa saa. Sisemi kwamba mama lishe wote huwapita madereva, wengi hawawapiti. Ninasema kwamba jibu la “elfu kumi” lina maana mbili, na maana hizo zimegawanyika kwa jinsi: mwanamke hutaja kilichobaki baada ya nyumba kula, mwanamume hutaja kilichobaki kabla.

Kwa sababu hiyo, usiulize faida kwa jumla. Anza na mauzo, kisha manunuzi kimoja kimoja kwa kipimo anachotumia mwenyewe, iwe sado, debe, fungu au kilo, kisha vilivyotoka nyumbani kuingia kwenye biashara, kisha vilivyotoka kwenye biashara kuingia nyumbani, na mwisho wafanyakazi wasiolipwa pamoja na saa zao. Mwanamume naye aulizwe maswali hayohayo yote, hata kama anaona ajabu kuulizwa nani aliyemfulia sare ya kazi. Faida uikokotoe wewe mwenyewe usiku, si yeye akiwa amesimama juani. Saa uzihesabu tangu mtu alipoamka kwa ajili ya kazi, wala si tangu alipofungua. Kwa mwanamke anayepika, tofauti kati ya nyakati hizo mbili yaweza kuwa saa 4 au zaidi.

Nitie neno hapa kuhusu kipimo cha mauzo, kwa kuwa maofisi hukipenda. Vitambulisho vya wajasiriamali wadogo vilivyozinduliwa Tanzania Desemba 2018 kwa shilingi 20,000 vilimlenga mtu ambaye mauzo yake kwa mwaka hayazidi shilingi milioni 4. Kwa siku 300 za kazi, kiwango hicho ni kama shilingi 13,300 kwa siku. Mama lishe wa mfano wetu, anayeuza shilingi 80,000 kwa siku, anafikisha milioni 24 kwa mwaka, na kwenye karatasi anaonekana mtu mkubwa, wakati karibu robo tatu ya fedha hiyo inapita tu mikononi mwake kuelekea kwa muuza mchele na muuza samaki. Biashara za chakula, ambako wanawake ni wengi, zina mauzo makubwa na kipande chembamba cha faida. Kinyozi ana mauzo madogo ambayo karibu yote ni yake. Ukilinganisha mauzo kwa mauzo utakuwa unalinganisha vitu visivyolingana.

Fuata shilingi

Baada ya hesabu ya siku, chagua kaya chache, kumi zinatosha, na ufuatilie fedha kubwa ya mwisho iliyoingia: mkopo, zamu ya mchezo wa kuchangiana fedha, mgawo wa VICOBA, yaani vikundi vya kuweka na kukopa, au mauzo ya msimu. Uliza ilikuwa kiasi gani, ilifika mkononi mwa nani, siku ya kwanza ilitumika kwa nini, na baada ya wiki mbili ilikuwa wapi. Muulize mke peke yake na mume peke yake.

Umuhimu wa hatua hii ulidhihirika kwa njia ya mzunguko. Nchini Sri Lanka watafiti Suresh de Mel, David McKenzie na Christopher Woodruff waliwapa wafanyabiashara wadogo, kwa bahati nasibu, ruzuku za rupia 10,000 au 20,000. Faida za wanaume zilipanda sana. Za wanawake, kwa wastani, hazikusogea. Ghana nako jaribio lililofanana lilionyesha kwamba kwa wanawake waliokuwa na biashara kubwa kidogo, kupewa bidhaa au vifaa kulisaidia, lakini kupewa fedha taslimu hakukusaidia. Wapo waliosoma matokeo hayo wakahitimisha kwamba wanawake hawajui kutumia mtaji. Mwaka 2019 watafiti wengine walizichambua upya takwimu za Sri Lanka na Ghana pamoja na za India, na safari hii wakatazama kaya nzima. Waliona kwamba mwanamke ambaye biashara yake ndiyo pekee katika kaya hupata faida inayolingana na ya mwanamume, na kwamba pale ambapo mume naye ana biashara, fedha aliyopewa mke huwa imekwenda kwenye biashara ya mume. Mtaji ulikuwa umezaa. Ila ulizaa kwenye meza ya pili, ambayo hakuna aliyeihesabu.

Uganda ilitoa ushahidi wa aina nyingine. Emma Riley aliwachunguza wakopaji wanawake wa BRAC, shirika linalotoa mikopo midogo, ambao baadhi yao walipokea mkopo kwenye akaunti yao ya simu badala ya kukabidhiwa noti. Waliopokea kwa simu walikuwa na mtaji wa biashara uliozidi wa wenzao kwa asilimia 11 na faida iliyozidi kwa asilimia 15. Mkopo ulikuwa uleule. Kilichobadilika ni kwamba noti hazikuonekana na shemeji, jirani wala mume. Magharibi mwa Kenya, katika kituo cha biashara cha Bumala, Pascaline Dupas na Jonathan Robinson waliwafungulia wanawake wa sokoni na madereva wa baiskeli za abiria akaunti za akiba zisizo na riba na zenye makato wakati wa kutoa fedha. Wanawake wengi walizitumia hata hivyo na kuongeza uwekezaji katika biashara zao, wakati kwa madereva wanaume hakuna mabadiliko yaliyoonekana. Mtu anayekubali kulipa makato ili fedha yake ikae mbali naye anakueleza jambo kuhusu nyumba anamoishi.

Kwa hiyo dodoso lako liwe na maswali kama haya: Pesa ya biashara unailaza wapi? Nani mwingine anajua ilipo? Mara ya mwisho nani alikuomba, na ulimpa? Je, kuna mtu ambaye huwezi kumnyima? Usiyaulize mbele ya watu. Na kwa wanaume usisahau kuuliza mtaji wa kwanza ulitoka wapi, utashangaa ni wangapi watakaosema, baada ya kicheko kidogo, “Kwa mama,” au, “Wife alicheza mchezo.”

Mkopo, dhamana na mali kauli

Andika kila chanzo cha mtaji kwa jina linalotumika mtaani. Kuna kibati na upatu, kuna VICOBA, ambazo ni ndugu wa vikundi vya akiba vilivyoanzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991, na kuna mikopo isiyo na riba ya halmashauri, inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kuna pia mikopo ya kausha damu, ambayo marejesho yake huanza kudaiwa kabla sufuria halijapoa, na ambayo wateja wake wengi ni wanawake kwa sababu wao ndio wanaopatikana mahali palepale kila siku na wanaoogopa zaidi aibu ya kudaiwa mbele ya majirani. Uliza marejesho ni ya siku, wiki au mwezi, na uyatoe kwenye hesabu ya siku uliyoifanya awali; katika baadhi ya kaya utaona kwamba zile shilingi 10,000 za kwenye pindo zina mwenyewe tayari.

Chanzo kinachosahaulika ni mali kauli, yaani kuchukua mzigo kwa mwenye duka la jumla kwa neno tu na kulipa baada ya kuuza. Kijana wa Kariakoo asiye na senti aweza kuanza siku na jozi ishirini za viatu kwa sababu anajulikana na bosi, walicheza mpira pamoja, au wametoka kijiji kimoja. Mwanamke anayenunua kwa fedha taslimu kila alfajiri hana mkopo huo wa bure, na hakuna benki itakayouonyesha kwenye takwimu zake. Uliza, “Nani anaweza kukupa mzigo bila pesa?” Idadi ya majina atakayoyataja ni mtaji.

Kuhusu dhamana, usiandike tu kwamba wanawake hawamiliki mali kwa mujibu wa mila. Nchini Tanzania Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mke haki ya kumiliki na kuuza mali yake sawa na mume, sheria za ardhi za mwaka 1999 zinamtambua mwanamke sawa na mwanamume katika kupata na kumiliki ardhi, na Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi. Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu la mwaka 1983, ilitambua kazi za nyumbani kuwa mchango katika mali ya ndoa. Swali la mtaani ni dogo kuliko hayo: jina gani limeandikwa kwenye karatasi ya mauziano ya kiwanja, na karatasi hiyo iko kwenye begi la nani?

Namna ya kukaa na mhojiwa

Mpelekee mwanamke mdodosaji mwanamke inapowezekana, na usiende saa ya wateja. Mama lishe hana nafasi kati ya saa 6 na saa 9 mchana. Nenda saa 10, anapokwangua masufuria, na ukubali kukaa kwenye kigoda cha chini. Anza na salamu kamili:

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Chakula kimeisha, umebaki ukoko.”

“Naupenda huohuo. Nimekuja kukuuliza habari za kazi, kama una nafasi.”

“Wewe ni wa ushuru?”

Swali hilo la mwisho litakuja, kwa maneno hayo au mengine, na jibu lake linapaswa kuwa wazi na la kweli. Watu waliowahi kuvunjiwa vibanda au kumkimbia mgambo wakiwa wamejitwisha sufuria la moto hawana sababu ya kumpenda mtu mwenye kalamu. Onyesha barua ya mtendaji wa mtaa, eleza kwamba majina hayaandikwi, na kama kweli ripoti itakwenda ofisi inayotoza ushuru, mwambie hivyo kabla hajakujibu. Kwa vijana wa kiume kikwazo ni kingine: huongeza mauzo wenzao wakiwa wanasikiliza, na huyapunguza ukiwa nao peke yao. Wahoji mmoja mmoja, hatua kadhaa kutoka kijiweni.

Kuandika matokeo

Linganisha wanaolingana: mwanamke mwenye mgahawa na baba lishe, fundi cherehani wa kike na wa kiume, tena kwa saa ya kazi na si kwa mwezi. Baada ya kulinganisha kwa bidhaa, kwa saa na kwa mtaji, pengo ulilolikuta mwanzoni litakuwa limepungua, na kilichobaki ndicho kinachohitaji maelezo. Kisha ueleze pia ni kwa nini watu wamegawanyika kwa bidhaa, saa na mtaji, maana kusema “pengo limetoweka baada ya kulinganisha” bila maelezo hayo ni kulifagilia chini ya mkeka.

Pendekezo la mafunzo lisijiandike lenyewe. Jijini Dar es Salaam utafiti wa Lars Ivar Berge, Kjetil Bjorvatn na Bertil Tungodden kwa wateja wa taasisi ya mikopo midogo ulionyesha kwamba mafunzo ya biashara yaliwasaidia wanaume kwa kiasi kikubwa, lakini kwa wanawake matokeo yalikuwa hafifu. Mjini Lomé, Togo, mafunzo ya kujenga moyo wa kuthubutu na kujianzishia mambo yaliongeza faida kwa asilimia 30, wakati mafunzo ya kawaida ya biashara hayakuleta badiliko la maana. Kama uchunguzi wako umeonyesha kwamba wanawake wanapoteza saa 3 kila siku kutafuta maji na mkaa, pendekeza bomba sokoni. Kama umeonyesha kwamba fedha haikai, pendekeza mikopo ilipwe kwenye namba ya simu ya mkopaji mwenyewe.

Rasimu ikishakamilika, irudishe sokoni kabla ya kuipeleka ofisini, na uisome kwa sauti kwa waliokupa habari, wanawake na wanaume kwa vikao tofauti. Mara ya kwanza kufanya hivyo nilisoma jedwali linalofanana na mfano wa hapo juu, sahani 40 kwa shilingi 2,000. Mama mmoja aliyekuwa akichagua mchele aliniacha nimalize, kisha akauliza, “Mwanangu, hao arobaini wote wamelipa?” Wenzake wakacheka hadi mmoja akafuta machozi kwa ncha ya kanga. Akatoa chini ya meza daftari la shule lenye jalada lililolowa mafuta, limejaa majina ya mafundi ujenzi, makondakta na madereva, na mbele ya kila jina idadi ya sahani. Tangu siku hiyo dodoso langu lina safu tatu mahali palipokuwa na moja: zilizolipwa leo, zilizoingia daftarini leo, na za zamani zilizolipwa leo.